Oveni ya Umeme Inayokosea Joto: Kupima Kihisi Kabla ya Kukibadilisha

Keki ambayo kwa miezi mingi imekuwa ikiiva kwa dakika 40 katika nyuzi 180 inatolewa ikiwa imeungua juu na mbichi katikati. Au mikate ya boflo inakaa ndani muda wake wote na kutoka ikiwa myeupe, haina rangi wala ganda. Katika nyumba nyingi anayelaumiwa kwanza ni mpishi, kisha unga, kisha hamira. Oveni hukumbukwa mwisho. Inapokumbukwa, fundi huitwa, naye mara nyingi hutoa hukumu kabla ya kufungua kifuniko chochote: kihisi joto, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, kimekufa. Kipya hununuliwa, hufungwa, na keki inayofuata huungua vilevile.

Jambo hili linanisikitisha kila ninapokutana nalo, kwa sababu kihisi joto ni miongoni mwa vipuri vichache vya oveni vinavyoweza kupimwa kwa uhakika hata nyumbani, kwa multimita ya kawaida (kifaa cha mkononi cha kupima volti na ukinzani), bila kukisia. Namba inayosomwa ama inalingana na joto lililopo ama hailingani. Nitaeleza namna ya kuipata namba hiyo na namna ya kuielewa, zaidi kwa oveni za nyumbani zenye bodi ya kielektroniki, kisha kwa oveni za kuokea mikate zinazotumia thamokapo, yaani kihisi cha metali mbili, na kwa ufupi kwa zile za zamani zenye thamostati ya mrija.

Kabla ya yote, umeme ukatwe. Oveni iliyochomekwa kwenye soketi ichomolewe. Iliyounganishwa moja kwa moja ukutani izimwe kwenye swichi yake na pia kwenye breka yake katika kisanduku cha umeme, kisha multimita itumike kuhakikisha kwamba hakuna volti iliyobaki kwenye vituo vya nyuma. Kuizima kwa kitufe chake tu hakutoshi, kwani bodi hubaki na umeme hata kioo cha namba kikiwa giza. Vipimo vyote vya ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huzuia umeme kupita, kinachohesabiwa kwa omu, hufanywa pasipo umeme na oveni ikiwa imepoa: multimita iliyowekwa kwenye omu ikiguswa kwenye waya wenye volti 230 au 240 huharibika, na inaweza kumdhuru aliyeishika.

Kihisi chenyewe na namna kinavyoisemesha bodi

Ukifungua mlango wa oveni na kutazama ukuta wa nyuma, mara nyingi kwenye kona ya juu, utaona kijiti chembamba cha chuma kisichoshika kutu kinachochomoza ndani, kimeshikwa na skrubu moja au mbili. Ndani ya ncha yake kuna kipande kidogo cha platinamu, na ukinzani wa platinamu hupanda kadiri inavyopata joto. Aina inayopatikana sana ni PT1000, ambayo ukinzani wake ni omu 1,000 katika nyuzi 0 za Selsiasi, omu 1,097 katika nyuzi 25, omu 1,117 katika nyuzi 30, omu 1,385 katika nyuzi 100, na karibu omu 1,759 katika nyuzi 200. Ipo pia PT500, inayotumika katika baadhi ya oveni za Ulaya, na namba zake ni nusu ya hizo katika kila joto.

Bodi ya oveni haina njia ya kulijua joto lenyewe. Inachopima ni ukinzani, na ukinzani huo huugeuza kuwa nyuzi. Katika joto la kuokea, omu 3.7 hivi za PT1000 ni sawa na nyuzi moja. Kwa hiyo chochote kinachoongeza ukinzani mahali popote kati ya bodi na ncha ya kihisi, bodi hukihesabu kuwa ni joto. Kituo chenye kutu kikiongeza omu 40, bodi huamini kwamba oveni ina nyuzi 11 zaidi ya zilizopo na huzima koili mapema, nacho chakula hutoka kibichi. Kinyume chake, kinachopunguza ukinzani, kama unyevu uliopenya ndani ya kijiti au nyaya mbili zilizochubuka na kugusana kwa kuvuja, huifanya bodi iamini kwamba oveni bado ni baridi, nayo huendelea kupasha hadi chakula kiungue.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomwuliza mwenye oveni ni kama vyakula vyake vinaungua au vinabaki vibichi, na kama imekuwa hivyo siku zote au baadhi ya siku. Jibu lake hunionyesha upande wa kutafuta. Kinachobaki kibichi kila mara hunipeleka kwenye viunganishi na nyaya zinazoelekea kukatika. Kinachoungua kila mara hunipeleka kwenye unyevu, kwenye kihami kilichochubuka, au kwenye rilei ya bodi iliyoganda, ambayo nitaifikia baadaye. Tahadhari moja: oveni chache, hasa ndogo za mezani, hutumia kihisi ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda, na kwa hizo kila nilichosema kuhusu mwelekeo hugeuka. Kuitambua aina hiyo ni rahisi, kwani ukiishika ncha kwa vidole huku ukipima, namba itashuka badala ya kupanda.

Kosa likiwa kubwa kabisa, bodi yenyewe hulitangaza. Waya ukikatika, ukinzani huwa hauna mwisho. Nyaya zikigusana moja kwa moja, ukinzani hukaribia sifuri. Na bodi hukataa kupasha, ikiandika msimbo kwenye kioo. Katika oveni nyingi za Frigidaire, F30 ni njia ya kihisi iliyokatika na F31 ni njia iliyogusana. Katika oveni nyingi za GE ni F3 na F4. Na katika nyingi za Samsung msimbo C-20 hulenga kihisi, na C-21 huonya kwamba joto limevuka kiwango. Mafundi wengi husoma misimbo hii vibaya. Msimbo hausemi kwamba kijiti kimekufa. Unasema kwamba mahali fulani kwenye njia nzima, kuanzia kituo cha bodi hadi ncha ya kijiti, ukinzani umetoka nje ya mipaka, na katika njia hiyo kijiti ni sehemu moja tu.

Je, joto lenyewe limekosea kweli?

Namba iliyo kwenye kioo cha oveni si ushahidi, kwa kuwa inatoka kwenye kihisi kilekile kinachoshukiwa. Unahitaji kipimajoto kingine, kile cha kuning'iniza kwenye waya wa rafu, kiwekwe katikati kabisa ya oveni. Weka nyuzi 180 kwa koili ya juu na ya chini bila feni, acha oveni ifikie joto lake, kisha subiri dakika 20 zaidi kabla ya kuanza kuandika. Soma kupitia kioo cha mlango, bila kuufungua. Andika kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa koili inapozima na kuwaka, kwa mizunguko minne, na utafute wastani. Watu hushtuka wanapoona kipimajoto kikipanda hadi 193 na kushuka hadi 168, lakini kupanda na kushuka huko ni kawaida ya oveni nzima, na wastani wake bado uko karibu na 180. Wastani ukitofautiana na uliloweka kwa chini ya nyuzi 10, kihisi ni kizima, na tofauti hiyo ndogo inaweza kurekebishwa kwenye menyu ya mipangilio ya oveni iliyo na nafasi hiyo. Ukitofautiana kwa nyuzi 30 au zaidi, endelea.

Hata hapo, kuna makosa matatu yanayovaa sura ya kihisi na ambayo yanapaswa kuondolewa njiani. La kwanza ni volti ndogo. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo koili iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipewa 190 hutoa asilimia 68 tu ya nguvu yake. Oveni ya namna hiyo huchelewa sana kupata joto, na jioni, wakati mtaa mzima unapika, hali huwa mbaya zaidi. Lakini ikipewa muda wa kutosha hufikia joto lililowekwa, na hiyo ndiyo tofauti yake na kihisi kibovu. Pima volti kwenye soketi wakati oveni inapasha, si ikiwa imezimwa, kwa sababu waya dhaifu wa nyumba huonekana mzima hadi unapobebeshwa mzigo.

La pili ni koili iliyokatika. Ya chini ikifa, ya juu hulazimika kufanya kazi yote, na keki huungua juu huku chini ikibaki unga. Kihisi kibovu hukosesha joto la oveni nzima, hakichagui upande. Ukinzani wa koili hukokotolewa kwa kugawa mraba wa volti kwa wati: koili ya wati 2,000 kwa volti 230 huwa na omu 26 hivi, ya wati 1,000 huwa na omu 53 hivi. Isiyoonyesha namba yoyote imekatika. La tatu ni mpira wa mlango uliopasuka au kukakamaa, unaovujisha joto upande mmoja. Hili huonekana kwa macho, na mkono ukipitishwa karibu na ukingo wa mlango huhisi hewa ya moto.

Tazama pia kijiti chenyewe kabla ya kukifungua. Wapo wanaotandika karatasi ya aluminiamu kwenye rafu nzima, nayo huzuia hewa ya moto kuzunguka hadi kwenye kihisi. Wapo wanaosukuma sinia kubwa hadi ukuta wa nyuma, na kijiti kikapinda na kugusa bati. Kutoka siku hiyo bodi husoma joto la bati badala ya joto la hewa. Mafuta yaliyoganda juu ya kijiti nayo hukifanya kichelewe kuhisi, na hayo hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, bila kukikwangua.

Kupima njia nzima, kisha kijiti peke yake

Utahitaji bisibisi, multimita yenye kiwango cha omu 2,000, na kipimajoto cha chumba. Baada ya kukata umeme, tafuta mahali ambapo nyaya za kihisi zinaingia kwenye bodi. Mara nyingi ni nyaya mbili nyembamba za rangi moja, zenye kihami kinachostahimili moto, zikiishia kwenye plagi ndogo. Piga picha kabla ya kuchomoa. Ichomoe plagi hiyo na upime ukinzani kwenye ncha zake za upande wa kihisi. Namba hii ni ya njia nzima kama bodi inavyoiona.

Kisha nenda kwenye kijiti chenyewe. Fungua skrubu zake kwa ndani ya oveni na ukivute taratibu hadi kiunganishi chake cha nyuma kitokeze. Kabla ya kukitenganisha, funga uzi imara kwenye waya unaobaki, kwa kuwa ukiteleza na kurudi ndani ya nafasi ya nyuma utalazimika kuitoa oveni yote kwenye kabati. Pima sasa kijiti peke yake. Linganisha namba mbili hizo baina yao, na uilinganishe ya pili na joto la chumba: katika chumba cha nyuzi 29, PT1000 nzima husoma omu 1,113 hivi. Tofauti ya hadi omu 10 juu au chini inakubalika kwa multimita za bei nafuu.

Niliwahi kuitwa kwenye mgahawa mmoja ulio karibu na bahari, ambako kihisi kilikuwa kimekwisha kubadilishwa mara mbili na mikate ikaendelea kutoka mibichi. Ilikuwa asubuhi, oveni haijawashwa tangu usiku, nami nilipoiwasha kioo kilionyesha kwamba ndani kuna nyuzi 75. Hilo peke yake lilitosha kunielekeza. Kwenye plagi ya bodi nilipata omu 1,290. Kwenye kijiti, omu 1,113. Tofauti ya omu 177 ilikuwa imekaa kwenye kiunganishi cha nyuma, ambacho pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani kutokana na hewa ya chumvi. Katika joto la kuokea, omu 177 ni karibu nyuzi 48: oveni iliyowekwa 200 ilikuwa ikizima koili zake ikiwa bado na 152 hivi. Vihisi vyote viwili vilivyotupwa huenda vilikuwa vizima, na gharama yake ililipwa na mtu ambaye faida yake kwa mkate mmoja ni ndogo mno. Tangu hapo, oveni yoyote iliyopoa naisoma kioo kabla ya kugusa skrubu. Zile zinazoonyesha joto la ndani huanza kutoa siri yao hapo hapo.

Namba mbili zikilingana na zote zikiwa sahihi, usitosheke bado, kwa kuwa yako makosa yanayojitokeza joto likipanda au waya ukitikiswa. Acha multimita imeunganishwa na uuguse waya sehemu kwa sehemu, ukiupinda kidogo. Namba ikiruka, umepata palipoanza kukatika, mara nyingi pale waya unapoingia kwenye kijiti. Baada ya hapo kipime kijiti katika joto mbili zinazojulikana. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo hutoa nyuzi 0, ambapo PT1000 husoma omu 1,000. Maji yanayochemka hutoa nyuzi 100 kwa aliye Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, yaani omu 1,385. Aliye Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, anapaswa kukumbuka kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hapo kihisi kizima husoma omu 1,362. Asikitupe kwa kudhani kimepungukiwa. Zamisha ncha tu. Upande unaotoka nyaya hauzuii maji, na ukilowa utakuwa umeliunda wewe mwenyewe kosa ulilokuwa ukilitafuta.

Kipimo cha mwisho cha kijiti ni cha kihami chake. Weka multimita kwenye kiwango cha juu kabisa cha omu, gusa waya mmoja na mwili wa chuma wa kijiti. Isionyeshe namba yoyote. Ikionyesha, unyevu umeingia ndani, jambo linalotokea hasa baada ya oveni kusafishwa kwa maji mengi au dawa kupulizwa ukutani bila kukifunika kijiti. Kihisi cha namna hiyo kinaweza kupima vizuri kikiwa baridi na kukosea kikipata joto, na mimi hukibadilisha bila kusita.

Bodi na rilei, wakati kihisi kimeonekana kizima

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kijiti ni kizima, nyaya ni nzima, na bado oveni inaunguza. Bodi inaweza kujaribiwa kwa kudanganywa kwa ukinzani unaojulikana. Nunua vikinza viwili vya usahihi wa asilimia 1, kimoja cha omu 1,500 na kingine cha omu 180, uviunganishe kwa mfululizo. Jumla yake, omu 1,680, ni sawa na PT1000 iliyo kwenye nyuzi 179. Umeme ukiwa umekatwa, viunganishe kwenye plagi ya bodi badala ya kihisi, vifunge visiguse kitu, rudisha kifuniko, kisha washa umeme na uweke oveni kwenye nyuzi 150. Bodi nzima itaamini kwamba joto limeshapita kiwango na haitawasha koili. Ikiwa kioo kinaonyesha joto la ndani, kionyeshe karibu 179. Kwa bodi ya PT500, tumia jumla iliyo nusu ya hiyo.

Koili ikipata moto wakati bodi inaamini kuna nyuzi 179 na imeambiwa 150, hukumu iko wazi: rilei imeganda. Rilei ni swichi ndogo inayowashwa na bodi, na vidoto vyake, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ikiwaka, vinavyobeba ampea nyingi siku baada ya siku, huchomeka na hatimaye kushikana. Zima mara moja. Usijaribu kuweka joto la juu na kuiacha oveni ikiendelea kupasha huku vikinza vimeunganishwa, kwa kuwa wakati huo haina macho, na hakuna kitakachoizuia isipokuwa kikata joto cha usalama.

Kuhusu kikata joto hicho nina neno la kusema waziwazi. Ni kidubwasha cha mviringo kilichofungwa kwenye bati la nyuma au juu, ambacho hukata umeme wa koili joto likivuka kiwango cha hatari. Oveni isiyopasha kabisa huku taa na feni zikifanya kazi mara nyingi ni hicho kimekata. Wako mafundi wanaokiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya ili mteja aondoke ameridhika. Hilo lisifanywe kamwe, katika nyumba yoyote, hata kwa siku moja. Kikata joto kilikata kwa sababu, na sababu hiyo kwa kawaida ni rilei iliyoganda, feni ya kupoza iliyosimama, au kihisi kinachosoma chini. Ondoa sababu kwanza, ndipo ukibonyeze kirudi au ukibadilishe.

Oveni za kuokea mikate zenye thamokapo

Oveni nyingi za umeme za ghorofa, yaani zenye vyumba vya kuokea vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zile zinazotumiwa na waokaji wadogo, zina kidhibiti cha kidijitali chenye namba mbili: ya juu, PV, ni joto linalopimwa, na ya chini, SV, ni joto lililowekwa. Kihisi chake kwa kawaida ni thamokapo ya aina K, ambayo hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Metali mbili zilizounganishwa kwenye ncha huzalisha volti ndogo sana, karibu maikrovolti 41 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya ncha na mahali inapoishia. Ncha ikiwa na nyuzi 200 na vituo vya kidhibiti vikiwa na 30, multimita itasoma milivolti 6.9 hivi.

Kutokana na utaratibu huo, kutu ya omu chache kwenye kituo haina madhara makubwa kama kwenye PT1000, lakini yako makosa mawili ambayo nimeyaona yakirudiwa. La kwanza ni kugeuza nyaya. Waya chanya na hasi zikibadilishana, PV hushuka oveni inapopata moto, kidhibiti huendelea kupasha, na mikate hugeuka makaa. Rangi za nyaya haziaminiki kati ya nchi na nchi: kwa utaratibu wa kimataifa kijani ni chanya na cheupe ni hasi, kwa Marekani njano ni chanya na nyekundu ndiyo hasi, na kwenye nyingi za bei nafuu nyekundu ni chanya. Tumia sumaku ndogo, kwani waya hasi wa aina K huvutwa na sumaku na chanya hauvutwi. La pili ni kurefusha thamokapo kwa waya wa kawaida wa shaba. Kiungo hicho kikiwa karibu na mwili wa oveni wenye nyuzi 70 huku kidhibiti kiko kwenye 30, usomaji unapungua kwa nyuzi 40 hizo, na oveni inapita kiwango kwa kiasi hichohicho. Waya wa kurefushia uwe wa aina K.

Kujua kama kosa ni la thamokapo au la kidhibiti, kata umeme, ondoa thamokapo, unganisha vituo viwili vya kidhibiti kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa kidhibiti peke yake, huku koili zikiwa zimezimwa kwenye breka yake. PV inapaswa kuonyesha joto la chumba au zaidi kidogo. Ikionyesha hivyo, kidhibiti ni kizima na thamokapo ndiyo ya kubadilishwa. Kama PV ni sahihi na bado koili hazizimi, tazama kontakta, ile swichi kubwa inayowasha koili, ambayo vidoto vyake hushikana kama vya rilei.

Thamostati ya mrija

Oveni za zamani za kuzungusha kirungu hazina bodi. Zina kibomba kidogo cha shaba ndani ya oveni kilichojaa kimiminika, na mrija mwembamba unaokipeleka msukumo wake hadi kwenye swichi iliyo nyuma ya kirungu. Mrija ukipasuka au kukunjwa, kimiminika huvuja, msukumo haupandi, na swichi haikati. Oveni hupasha bila kikomo. Hakitengenezeki. Lakini kabla ya kununua kipya, tazama kama kibomba kimechomoka tu kwenye kishikizo chake na kulala sakafuni, ambako hewa ni tofauti.

Kufunga kihisi kipya

Ikithibitika kwamba kijiti ndicho kibovu, nunua kwa namba ya modeli iliyoandikwa kwenye ukingo wa mlango, na ukipime dukani kabla ya kulipa. PT1000 ikifungwa kwenye bodi ya PT500, bodi itaona karibu nyuzi 330 katika oveni baridi na kuandika msimbo palepale. PT500 kwenye bodi ya PT1000 itaonekana kama njia iliyogusana. Urefu wa kijiti nao ulingane na wa zamani, ili ncha ikae kwenye hewa inayozunguka na isiguse rafu.

Kama plagi haifanani na ilibidi nyaya ziunganishwe, usitumie risasi ya kulehemu wala utepe wa plastiki nyuma ya oveni. Risasi ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na nafasi hiyo ya nyuma hupata moto mwingi, hasa kwa oveni zinazojisafisha zenyewe kwa joto la karibu nyuzi 500. Tumia kiunganishi cha kauri chenye skrubu, na waya wenye kihami cha nyuzinyuzi za kioo. Pini za zamani zenye kutu zisikwanguliwe na kurudishwa. Zikatwe, waya umenywe hadi shaba inayong'aa, na pini mpya zibanwe. Hakikisha waya wa ardhi wa mwili wa oveni umerudishwa mahali pake kabla ya kufunga kifuniko.

Rudia jaribio la kipimajoto cha rafu, mizunguko minne katika nyuzi 180, na tena katika 220, kwa kuwa kiunganishi kisichobanwa vizuri huonekana kizima katika joto la kwanza na kukosea katika la pili. Ukiridhika, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike nyuma ya kifuniko tarehe, joto la chumba na omu ulizopima kwenye plagi ya bodi siku hiyo, ili atakayekuja baada ya miaka miwili, pengine akiwa wewe mwenyewe, awe na namba ya kulinganisha nayo.